Kazi ya Padre Sacleux Yapimwa kutoka Lugoba

Mwaka 1939 zilitoka kamusi mbili kubwa za Kiswahili. Ya kwanza ilitolewa na Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki, nayo ni kazi ya Frederick Johnson, katibu wake wa kwanza, iliyojengwa juu ya msingi wa Madan wa misioni ya U.M.C.A. Ya pili ilitoka Paris, chini ya Chuo cha Ethnolojia, nayo ni kazi ya Padre Charles Sacleux wa Shirika la Roho Mtakatifu; juzuu lake la mwisho lilifuata mwaka 1941, katikati ya vita. Ya kwanza iliingia madarasani, ikachapwa tena na tena. Ya pili iliingia makabatini. Waalimu wengi wa misioni wamelisikia jina lake, wachache wameifungua, na wachache zaidi wameisoma, maana imeandikwa kwa Kifaransa. Sisi twaona kwamba hukumu hiyo ya makabati haikuwa ya haki, nasi twataka kueleza sababu yetu, bila kuficha yale ambayo kamusi hiyo haiwezi kumpa mwalimu wa Lugoba.

Padre Sacleux alizaliwa Ufaransa mwaka 1856. Alifika Unguja mwaka 1879, akakaa katika misioni za pwani, Unguja na Bagamoyo, mpaka 1898. Alipenda mimea kama alivyopenda maneno. Wataalamu wa mimea walilitumia jina lake kuita jamii moja ya mimea, Sacleuxia. Mwaka 1891 misioni ya Unguja ilichapa kamusi yake ya Kifaransa na Kiswahili. Mwaka 1909 alitoa Paris sarufi ya Kiswahili, na pamoja nayo sarufi ya lahaja zake: Kiunguja, Kimvita, Kiamu, Kimrima, Kingazija na nyinginezo. Kisha alikaa miaka thelathini akiikusanya ile kamusi kubwa. Alifariki mwaka 1943. Mtu aliyeondoka pwani akiwa na miaka arobaini na miwili aliendelea kuitumikia lugha yake hadi miaka themanini na saba, mbali na watu waliomfundisha. Jambo hilo lina sifa yake, na lina hasara yake pia, kama tutakavyoona.

Tofauti ya kamusi hizi mbili si ukubwa wala ustadi. Ni swali ambalo kila moja ilikusudia kulijibu. Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa uliamua kwamba Kiunguja ndicho kiwe msingi wa Kiswahili cha vitabu, na tangu mwaka 1930 Kamati ikaanza kazi ya kusawazisha maneno na tahajia. Johnson aliulizwa: neno lipi litumike shuleni toka Dar es Salaam hata Kampala? Akajibu vema. Padre Sacleux hakuulizwa hivyo. Yeye alijiuliza: nani asema neno hili, wapi, na kwa sauti gani? Kwa hiyo katika kamusi yake neno la Mrima limesimama pamoja na neno la Unguja, kila moja likiwa na alama ya kwao, wala hakuna linaloitwa potovu kwa sababu tu halikuzaliwa Unguja.

Hatuilaumu Kamati. Vitabu vya nchi nne havikuweza kuchapwa kwa lahaja kumi, na mwenye kuchapa sharti achague. Lawama yetu yawaangukia waliokuja baadaye, wakalichukua neno "sanifu" wakalifanya kuwa "sahihi", kana kwamba nje ya hilo hakuna lugha ila makosa. Na lawama hiyo, tuseme kweli, yatuangukia sisi wa misioni kwanza, maana kalamu nyekundu ilikuwa mkononi mwetu.

Lugoba ipo juu ya barabara itokayo Chalinze kwenda Segera, katika nchi ya Wakwere. Wadoe na Wazigua wako upande wa kaskazini, Wazaramo upande wa kusini na mashariki. Si mbali na Bagamoyo, wala si pwani. Mtoto wa huko amelelewa kati ya lugha mbili zilizo ndugu, na mwalimu asiyejua udugu wao humsahihisha asipojua anachosahihisha. Tumeona daftari moja, katika shule tusiyoitaja, ambamo mtoto aliandika "ng'huku" mahali pa "kuku". Mwalimu alipiga mstari, akaandika pembeni: "Hakuna neno hili." Kupiga mstari kulikuwa haki yake, kwa kuwa somo lilikuwa la Kiswahili. Lakini maneno yale ya pembeni si kweli. Neno hilo lipo. Na si kwamba lipo tu, bali ndilo limwezeshalo mwalimu kuielewa sarufi ambayo yeye mwenyewe huifundisha kwa kukaririsha.

Hapa twaomba msomaji atuvumilie kidogo, maana jambo lenyewe ni zuri.

Mtu wa pwani asemapo "tembo" kwa maana ya kileo cha mnazi, na "tembo" kwa maana ya ndovu, hasemi neno moja. Ndovu ana pumzi baada ya t, kileo hakina. Ndivyo ilivyo kwa "kaa" la moto na "kaa" wa baharini, na kwa "paa" la nyumba na "paa" wa porini: yule mnyama hutamkwa kwa pumzi, kaa la moto na paa la nyumba bila pumzi. Tahajia tuliyoizoea haiandiki pumzi hiyo. Padre Sacleux aliisikia, akaiwekea alama yake neno kwa neno, ukurasa kwa ukurasa. Wengi waliona alama hizo kuwa udhia wa mtaalamu. Lakini pumzi hiyo yatoka wapi? Mchungaji Carl Meinhof, aliyekuwa mhudumu wa kanisa kijijini kwao Ujerumani kabla hajawa profesa, alionyesha katika kitabu chake cha 1899 kwamba lugha za Kibantu hubadilisha sauti zao kwa kanuni, wala si ovyo ovyo. Jina la ngeli ya tisa lilikuwa na sauti ya puani mbele yake. Mbele ya p, t na k, Waswahili wameiacha ile sauti ya puani, na mahali pake imebaki pumzi. Wakwere wametenda kinyume: wameiacha konsonanti, wakaishika sauti ya puani, na pumzi ikabaki nayo. Basi pwani husema "kuku", Wakwere "ng'huku". Pwani "pembe", Wakwere "mhembe". Pwani "tembo", Wakwere "nhembo". Hata neno lililo kubwa kuliko yote limeifuata njia hiyo: pwani "mtu", Wakwere "munhu". Ni kama ndugu wawili wa tumbo moja waliogawana mali ya mjomba wao: huyu amechukua jembe, yule amechukua mpini, na kila mmoja adhani mwenzake ameharibu.

Sasa tazama faida yake darasani. Twawafundisha watoto kwamba husemwa "nyumba nzuri" na "nyumba mbaya", kwa n na m ya ngeli, lakini "nyumba kubwa", "nyumba pana", bila kitu. Mtoto akiuliza mbona, twamwambia: hivyo ndivyo. Lakini jibu lipo. Silabi ya ngeli haikukosekana katika "nyumba kubwa". Imegeuka kuwa pumzi, nayo husikika kwa mtu wa Unguja asemapo "nyumba kubwa", wala haisikiki asemapo "kitu kikubwa". Na mtoto wa Lugoba asemaye nyumbani kwao "ng'ombe ng'hulu" anayo silabi hiyo mdomoni, wazi kabisa, kabla hajafika shuleni. Ndivyo ilivyo pia kwa "ukuta" na wingi wake "kuta", "upande" na "pande": k na p za wingi zina pumzi, kwa sababu neno limehamia ngeli nyingine. Mwalimu aliyeandika "Hakuna neno hili" alikuwa ameketi juu ya ufunguo akiulaumu mlango.

Kama hayo ndiyo tunayoyapata kwa Padre Sacleux, mbona twasema ana hasara? Kwanza, kwa sababu yeye mwenyewe hakutufikisha huku. Alitupa pumzi, hakutupa ng'huku. Kusudi lake lilikuwa lahaja za pwani na visiwa, na katika hizo hana mpinzani. Lakini mwenye kuijua Bagamoyo yajua kwamba Kimrima hakikukaa peke yake kikiangalia bahari tu. Kila siku kilipokea watu wa bara, wake na waume, na maneno yao. Kumsoma Padre Sacleux ni kusimama forodhani: kila jahazi lililotoka Arabuni, Uajemi au Bara Hindi laandikwa kwa uangalifu, na mtu aliyefika kwa miguu kutoka Lugoba na mzigo wake wa mtama apita bila kuandikwa mara nyingi kama apaswavyo. Hatusemi kwamba alidharau. Twasema kwamba dirisha lake lilielekea baharini.

Pili, alimaliza kazi yake Ulaya. Kamusi iliyoanza kwa masikio ilimalizika kwa karatasi, na msomaji hawezi daima kujua kama neno fulani lilikuwa likisemwa bado mwaka 1939, au lilikuwa limekufa tangu padre alipopanda meli mwaka 1898. Tatu, lugha. Kamusi ya Kiswahili isiyosomeka na Mswahili ni kisima chenye kifuniko. Hili si kosa lake peke yake. Krapf alitoa muhtasari wake wa sarufi Tübingen mwaka 1850, kwa Kiingereza. Askofu Steere alitoa kitabu chake cha kufundishia mwaka 1870, kwa Kiingereza. Bibi Ethel Ashton, ambaye sarufi yake ya 1944 ndiyo ya kwanza, kwa maoni yetu, kuuliza ngeli zenyewe zina wazo gani badala ya kuzipima kwa kipimo cha Kilatini, naye aliandika kwa Kiingereza. Wote waliandika juu ya lugha yetu wakiwaambia wengine.

Tumelisoma jambo linalofanana na hili katika khabari za Wakurdi, watu wa milima iliyo kati ya Uturuki, Iran, Irak na Siria, wasio na dola yao. Sarufi ya kwanza ya Kikurdi iliyochapwa iliandikwa na mmisioni, Padre Maurizio Garzoni wa Shirika la Mtakatifu Dominiko, aliyekaa miaka mingi Amadiya. Ilitoka Roma mwaka 1787, kwa Kiitalia. Ilipita miaka 145 ndipo Mkurdi Celadet Bedirxan alipoanzisha jarida lake Hawar mjini Damasko, mwaka 1932, kwa herufi za Kilatini alizozitengeneza kwa ajili ya sauti za lugha yake. Sarufi aliyoishughulikia pamoja na Mfaransa Roger Lescot ilichapwa Paris mwaka 1970, naye alikuwa amekwisha kufariki tangu 1951. Katika Uturuki sheria ya mwaka 1983 ilikataza lugha hiyo isitumiwe katika kueneza mawazo, wala haikuondolewa hata mwaka 1991. Twaona hapa mambo mawili. La kwanza, kazi ya mmisioni haikuwa bure: wataalamu waliofuata walianza na Garzoni. La pili, kitabu cha Garzoni hakikuwafanya Wakurdi kuandika. Waliandika walipopata wenyewe herufi na jarida. Kikwere hakikukatazwa na sheria yo yote. Kimesahihishwa tu, kwa wino mwekundu, kwa upole na kwa nia njema, na matokeo yaweza kuwa yale yale.

Na katika bahati ya vitabu Kikwere kilipitwa na jirani zake. Steere alichapa orodha fupi ya maneno ya Kizaramo mwaka 1869. Mjerumani Worms alitoa misingi ya sarufi ya Kizaramo mwaka 1897. Woodward na Kisbey wa U.M.C.A. walikishughulikia Kizigua mwanzoni mwa karne iliyopita, hata kikapata kamusi. Misioni zetu wenyewe zilikuwa Bagamoyo tangu 1868, Mhonda tangu 1877 na Mandera tangu 1881. Wakwere walikuwa njiani mwao. Lakini njia ni ya kupita. Mapadre walisema Kiswahili na Wakwere kwa kuwa Wakwere walikijua. Wepesi wao wa kujifunza lugha ya mgeni ndio uliowanyima kitabu cha lugha yao.

Malcolm Guthrie alipozipanga lugha za Kibantu mwaka 1948 alizipa herufi na namba. Katika hesabu ijulikanayo leo Kikwere ni G32, kati ya Kizigua G31 na Kizaramo G33. Kwa muda mrefu Kikwere kilijulikana kwa wataalamu kama namba zaidi kuliko kama lugha. Siku hizi hali imeanza kugeuka. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzisha mwaka 2001 mradi wa Lugha za Tanzania, uliotoa Atlasi yake mwaka 2009. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Gothenburg, Karsten Legère na Malin Petzell, wamefanya kazi katika lugha za Morogoro na Pwani. Na mwaka 2013 Petzell pamoja na Harald Hammarström walilinganisha lugha za jamii ya Ruvu kwa maneno na kwa sarufi pia, Kikwere kikiwemo. Twaisifu kazi hii hasa kwa sababu haikuridhika na orodha ya maneno. Orodha huuliza "kuku" ikapata "ng'huku", kisha huhesabu: yafanana, hayafanani. Maneno huazimwa kama vyombo vya karamu. Ni sarufi ndiyo ikaayo nyumbani.

Hata hivyo twalo neno moja na wataalamu wa leo, na ni lile lile tulilokuwa nalo na Padre Sacleux. Makala hizi zimeandikwa kwa Kiingereza, katika majarida ya wataalamu. Mwalimu wa Lugoba ambaye wanafunzi wake ndio wajukuu wa walioulizwa hana hata kurasa kumi kwa Kiswahili zimwambiazo: sauti hii ya mtoto ni hii, na katika Kiswahili yalingana na hii. Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997 ilizitambua lugha za asili kuwa hazina, ikahimiza ziandikiwe kamusi na sarufi. Sera haina mikono. Sisi tuliokuwa na mikono, na mitambo ya kuchapa, tuliitumia kwingine.

Kuna jambo la majina pia, nalo latuhusu sisi watu wa Bagamoyo kwa karibu. Mwaka 1903 Carl Velten alitoa Göttingen kitabu cha Desturi za Wasuaheli, ambacho hata leo hakuna mwandishi wa mila za pwani awezaye kukiruka. Jalada lilimtaja Velten kuwa mkusanyaji na mtoaji. Sehemu kubwa ya kitabu hicho iliandikwa na Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa pwani ya Bagamoyo mwenye asili ya Uzaramo, aliyekwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili katika chuo cha lugha za Mashariki, akafia mji huo mwaka 1927. Ilipotoka tafsiri ya Kiingereza ya J. W. T. Allen mwaka 1981, ndipo jina la Mtoro lilipowekwa juu ya kitabu. Na waliomfundisha Padre Sacleux je? Nani alimtamkia "tembo" mara mbili, kwa pumzi na bila pumzi, mpaka padre akasikia? Yawezekana ni wavuvi, au wanawake wa kijiji cha Kikristo cha Bagamoyo, ambacho wengi wa wakazi wake wa kwanza walikuwa wamekombolewa utumwani na walikuwa wametoka bara, na huenda masikio yao yalikuwa na ng'huku nyuma ya kuku. Kamusi ina maelfu ya maneno yao, lakini walioyatamka hatuwaoni ndani yake.

Kwa hiyo mwalimu wa Lugoba au Msata atakayeanza daftari la maneno ya Kikwere, hata liwe dogo, na aandike juu ya kila neno jina la mzee aliyelisema, akiwa ameridhia, na kijiji chake. Asihofu tahajia. Wengine huandika ng'h, wengine ngh', na wale wasiozoea huiacha h kabisa, na hapo ndipo mhembe na nhembo hupoteza sauti iliyowaunganisha na Kiswahili. Sisi twapendelea ng'h, mh na nh, kwa kuwa mtoto aliyekwisha kujua ng'ombe ataongeza h bila taabu. Mwenye hoja ya kinyume na atuandikie, akituletea mifano kutoka kwa wasemaji wa Udoe pia, maana huko hatujasikiliza vya kutosha.